Ganda la muwa la jana: tujue thamani ya makumbi kabla ya kuyauza

Jumapili moja baada ya Alasiri nilikuwa nimekaa chini ya mwembe huko Matuga, Kaunti ya Kwale, nimezungukwa na watu wapatao arubaini. Aliyeniita ni mjomba wangu. Alinipigia simu Ijumaa usiku akaniambia, "Mwanangu, njoo utusomee karatasi. Wamekuja watu wataka vifuu na makumbi yetu kwa miaka kumi. Wasema watajenga kiwanda kitoe umeme na mafuta. Wewe ulisomea mambo hayo."

Kusema kweli sikuyasomea. Nina diploma ya ufundi wa maabara niliyoipata zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na kemia niliyofundishwa ilikuwa zaidi ya kupima maji. Lakini kwa mjomba, mpwa mwenye cheti ni mtaalamu wa kila kitu. Basi nilikwenda.

Karatasi yenyewe ilikuwa mkataba wa kurasa tisa, wote Kiingereza. Neno lililorudiwa kila ukurasa ni bayorifaineri. Wazee waliniuliza maana yake, na kabla ya kulijibu hilo nilijua hatuwezi kufika kwenye bei wala sahihi. Mtu hawezi kuuza kitu asichojua thamani yake. Makala haya ni yale niliyowaeleza siku ile, pamoja na yale waliyonieleza wao, ambayo ndiyo yaliyokuwa na uzito zaidi.

Changamwe ya mimea

Wengi wetu twakijua kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe. Kilianza kazi mwaka 1963, na kwa miaka hamsini mafuta ghafi yaliletwa na meli, yakaingia pale yakiwa meusi, yakatoka yakiwa vitu mbalimbali: gesi ya kupikia, petroli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, dizeli, na mabaki mazito ya kutengenezea lami. Pipa lililoingia ni moja, bidhaa zilizotoka ni nyingi, na kila bidhaa ilikuwa na mnunuzi wake. Kazi ya kusafisha ilikoma mwaka 2013, na matangi yake yakabaki ya kuhifadhia mafuta.

Bayorifaineri ni Changamwe ya mimea. Badala ya mafuta ghafi, kinachoingia ni mmea au mabaki ya mmea: makapi ya miwa, mabua ya mahindi, maganda ya korosho, makumbi na vifuu vya nazi, vumbi la mbao. Wataalamu huviita vyote hivyo kwa pamoja bayomasi. Kinachotoka ni mchanganyiko wa nishati, kama gesi, umeme, spiriti na makaa, pamoja na vitu vya kutumika, kama nyuzi, gundi, rangi, mbolea na dawa za viwandani.

Kanuni yake kubwa haina ugeni kwetu. Siku ya Idd, hakuna anayechinja mbuzi akamtia motoni mzima na ngozi yake. Ngozi huvuliwa kwanza, nyama ikakatwa, kichwa na miguu ikaenda kwenye supu, matumbo yakasafishwa, na mifupa ikaachiwa paka. Kila kiungo na kazi yake. Bayorifaineri vile vile: kilicho na thamani kubwa hutolewa kwanza, na moto huwa wa mwisho. Ukianza na moto, umeshayapoteza yale mengine yote.

Ukuta wa fito na udongo

Ili kuelewa kwa nini kazi hii ni ngumu, yafaa tujue mmea umejengwaje. Nilipowaeleza wazee nilinyoosha kidole kwenye nyumba ya mjomba, ambayo upande wa jikoni bado ni ya udongo. Ukuta ule una vitu vitatu. Kuna fito zinazobeba uzito. Kuna kamba zinazozishika fito pamoja. Kisha kuna udongo uliokandikwa kuziba kila mwanya na kuufanya ukuta uwe imara.

Ukuta wa mmea ni hivyo hivyo. Fito zake huitwa selulosi, nyuzi ndefu zenye nguvu ambazo ndizo zinazotengeneza karatasi na nguo za pamba. Kamba zake ni hemiselulosi. Udongo wake ni lignini, kitu kigumu cha rangi ya kahawia ambacho ndicho kinachofanya mti usimame na kifuu kishindane na panga.

La ajabu ni kwamba selulosi na hemiselulosi zimeundwa kwa sukari. Ndiyo, ule mti mkavu kwa ndani ni minyororo ya sukari iliyofungana. Ng'ombe na mchwa wanaweza kula majani na miti kwa sababu matumboni mwao mna vijidudu vinavyojua kuifungua minyororo hiyo. Mwanadamu hana vijidudu hivyo, kwa hiyo kazi ambayo mchwa anaifanya bila kelele, sisi twaijengea viwanda vya mabilioni.

Na kizuizi kikubwa ni ule udongo, yaani lignini. Mpaka uubomoe, huzifikii fito.

Moto, vijidudu na dawa

Kuna njia tatu kubwa za kuubomoa ukuta huo.

Ya kwanza ni moto. Ukichoma kifuu mahali penye hewa tele, kinaungua chote na unabaki na jivu. Ukikichoma kwenye pipa lililofunikwa, hewa ikiwa kidogo, hakiungui chote. Mvuke na gesi zinatoka, na kinachobaki ni makaa. Ukiongeza moto na kuiongoza hewa kwa kipimo, kifuu kinageuka gesi inayoweza kuwaka na kuendesha injini. Kwa hiyo moto ni ule ule, hewa tu ndiyo inayobadilisha matokeo.

Ya pili ni vijidudu. Ukitia mavi ya ng'ombe, maganda ya matunda au mabaki ya chakula kwenye tangi lisiloingia hewa, vijidudu vinavila na kutoa gesi ya kupikia, ile tunayoiita bayogesi. Uji unaobaki ni mbolea nzuri. Hamira nayo hugeuza sukari kuwa spiriti. Lakini vijidudu havipendi lignini. Ndiyo maana mtu akikwambia atatia makumbi makavu kwenye tangi la bayogesi yatoe gesi ya kutosha, muulize mara mbili. Kumbi limejaa lignini, laweza kukaa kwenye maji miezi na lisioze. Mabibi zetu wa zamani walilijua hilo. Walifukia makumbi kwenye mchanga wa pwani, maji ya kupwa na kujaa yakayalainisha kwa miezi, kisha wakayapiga wakapata usumba safi wa kusokota kamba. Mitepe ya Lamu, vyombo vilivyopasua bahari hii kabla ya misumari kuenea, ilishonwa kwa kamba hizo hizo.

Kwa maneno mengine, bibi aliyekuwa akifukia makumbi alikuwa akifanya kazi ya bayorifaineri. Aliacha vijidudu na maji ya chumvi vile kile kilicho laini, yeye akabaki na uzi.

Ya tatu ni dawa za kemikali, kama tindikali, magadi makali na mvuke wa joto kubwa, pamoja na vimeng'enya, yaani zile chachu zinazokata minyororo ya sukari. Hii ndiyo njia yenye faida kubwa na hasara kubwa pia. Huko Sarpsborg, Norwei, kampuni ya Borregaard huchukua mti mmoja aina ya msprusi ikatoa selulosi maalumu, spiriti, bidhaa za lignini, na hata vanilini. Vanilini ndiyo harufu ile ya vanila tunayoitia kwenye keki. Wazee walicheka waliposikia kwamba harufu ya keki ya harusi yaweza kuwa imetoka kwenye gogo.

Lakini sikuwaficha upande wa pili. Mwaka 2015 kampuni kubwa ya DuPont ilifungua kiwanda katika mji wa Nevada, jimbo la Iowa nchini Marekani, cha kutengeneza spiriti ya magari kwa mabua ya mahindi. Walikuwa na fedha, wataalamu na mahindi ya kumwaga. Mwaka 2017 wakatangaza kwamba wanajiondoa. Basi anayekuja na mkoba akasema kugeuza makumbi kuwa mafuta ya gari ni jambo rahisi, ama hajui, ama anajua na hasemi.

Kilo mia za nazi

Tuje sasa kwenye mnazi wetu. Chukua kilo 100 za nazi zilizokomaa, zima na makumbi yake. Kwa wastani, makumbi ni kama kilo 35, vifuu kilo 12, nyama ya nazi kilo 28, na maji kilo 25. Tunachokula ni ile nyama. Makumbi na vifuu peke yake ni kilo 47, karibu nusu ya mzigo.

Zile kilo 35 za makumbi, ukizichambua, utapata takriban kilo 10 za usumba na kilo 25 za unga wa kahawia. Usumba hutengeneza kamba, mazulia ya mlangoni, magodoro na brashi. Ule unga, ambao kwetu hupeperushwa na upepo, hushika maji kama sponji. Baada ya kuoshwa chumvi na kushindiliwa kuwa matofali, huuzwa kwa wenye mashamba ya maua na mboga wakaotesha miche ndani yake badala ya udongo. India na Sri Lanka ndio wakubwa wa biashara hiyo duniani.

Zile kilo 12 za vifuu, ukizichoma kwa pipa lililofunikwa vizuri, hutoa kilo tatu hivi za makaa. Makaa ya vifuu ni magumu, yana moto mkali na moshi kidogo. Kila aliyetia udi kwenye chetezo anajua tofauti yake na makaa ya mti mwepesi. Hapo twaweza kusimama tukayauza. Lakini makaa hayo hayo yakipitishwa kwenye mvuke wa joto la juu sana, hufunguka matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, mengi mno, yakawa makaa ya kuchujia. Hayo ndiyo yanayowekwa kwenye vichujio vya maji, ndiyo hutumiwa migodini kunasa dhahabu, na ndiyo yaliyokuwa ndani ya vinyago vya kuzuia gesi ya sumu katika Vita Vikuu vya Kwanza.

Angalia basi ngazi ilivyo. Chini kabisa kuna kifuu. Juu yake makaa ya kupikia. Juu yake makaa ya kuchujia. Kila ukipanda daraja, uzito unapungua na bei ya kilo inapanda. Anayeuza kifuu anauza kilo nyingi kwa pesa chache. Anayeuza makaa ya kuchujia anauza kilo chache kwa pesa nyingi. Katika mkataba wa mjomba, watu wa Matuga walikuwa wamewekwa kwenye daraja la chini kabisa, na walitakiwa wakae hapo kwa miaka kumi.

Waliofanya

Sisemi haya kuwavunja watu moyo. Mifano ya kufaulu ipo, na mingine si mbali.

Huko Muhoroni, tangu miaka ya 1980, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company hununua molasi, ule uji mweusi unaobaki baada ya sukari kutolewa, kikatengeneza spiriti na hamira. Najua baadhi yetu neno spiriti latukereketa, kwa sababu ya wanaoinywa. Lakini ni spiriti hiyo hiyo inayosafishia vidonda hospitalini, na mwaka 2020, korona ilipoingia, sote tuliipaka mikononi hata milangoni mwa misikiti.

Makapi ya miwa nayo ni mali. Kila tani ya miwa inayokamuliwa huacha kama kilo 300 za makapi yakiwa na unyevu. Wenzetu wa Mauritius kwa miaka mingi wamekuwa wakiyachoma kupata umeme wa kisiwa. Hapa Kenya, Mumias iliwahi kuuza umeme wa makapi kwenye gridi ya taifa kuanzia mwaka 2009. Hata hivyo mtambo huo haukuiokoa kampuni na madeni, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya meneja mrasimu. Teknolojia nzuri haitibu usimamizi mbaya.

Ng'ambo ya mpaka, huko Hale katika Mkoa wa Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kutoa bayogesi na umeme kwa mabaki ya mkonge, ukaanza kazi karibu na mwaka 2008. Ukipita Vipingo ukaona mashamba yale ya mkonge, kumbuka hili: katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, uzi unaouzwa hauzidi kilo tano. Zilizobaki ni maji na makapi, ambayo kwa miaka mingi yalimwagwa tu. Mkonge wafaa kwa bayogesi kwa sababu makapi yake ni laini na yana sukari, si kama makumbi.

Na korosho? Katika ganda lake kuna mafuta ya kahawia, takriban robo ya uzito wa ganda. Ndiyo yale yanayochoma ngozi. Wanawake wanaobangua korosho kwa mkono wanayajua kwa makovu. Mafuta hayo hutengenezewa rangi, vanishi, na vipande vya breki za magari. Kilifi tulikuwa na kiwanda cha korosho kilichofunguliwa miaka ya 1970, kikafa katika miaka ya 1990. Kwa miaka mingi baada ya hapo korosho zetu nyingi ziliondoka na ganda lake. Tuliuza tunda, na breki tukanunua.

Waswahili wa kale walisema, ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Kwa aliyetafuna, ganda ni la kutupwa. Kwa chungu ni mavuno. Swali la siku hizi ni kwamba chungu amekuja na mkataba wa kurasa tisa.

Tuliyoyaona kwa mbono

Pwani hii tumeshapitia haya. Miaka ya 2000 ilipokuwa ikiishia, tuliambiwa dhahabu ya kijani imefika, nayo ni mbono, yule mti wa ua ambao wazee wanauita mbono kaburi. Tuliambiwa hauhitaji mvua, hauhitaji mbolea, na mbegu zake zitatoa dizeli. Huko Dakatcha, Malindi, kulikuwa na mpango wa kupanda mbono katika hekta 50,000 kwenye msitu na ardhi ambamo watu wanaishi. Wenyeji na watetezi wa mazingira waliupinga, na shamba hilo halikuwa. Mwaka 2009 ripoti iliyofanywa kwa msaada wa shirika la Ujerumani la GTZ, iliyoangalia wakulima wa mbono hapa Kenya, ilionyesha kwamba mavuno ni haba na mkulima anapata hasara. Ushauri wake ulikuwa watu wasiupande mbono ila kama ua wa shamba, yaani vile vile wazee walivyokuwa wakiupanda. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Sasa zamu ni ya mbarika. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kituo cha kukamua mbegu Makueni, na mnamo Oktoba mwaka huo shehena ya kwanza ya mafuta ya mimea ikaondoka Kenya kwenda kwenye bayorifaineri yake ya Gela, kisiwa cha Sicily. Mwaka 2021, katika makubaliano yake na serikali yetu, lilitajwa pia suala la kuchunguza kama kiwanda cha Changamwe chaweza kugeuzwa kuwa bayorifaineri. Mimi ningependa sana kuiona siku hiyo. Vijana wa Changamwe, Chaani na Mikindani wangepata kazi, na ile ngazi niliyoieleza ingepandwa hapa hapa. Lakini mpaka niandikapo haya, mbegu hukamuliwa kwetu na kusafishwa kwao. Tofauti ya bei iko kwenye kule kusafisha.

Taka ya nani?

Nilipomaliza kueleza chini ya mwembe, wanaume walianza kuhesabu magunia. Kijana mmoja alitoa simu akapiga hesabu ya vifuu vya mwaka mzima, na sura zikachangamka. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, akisuka makuti muda wote huo bila kuinua kichwa, akauliza, "Nyinyi mkishauza vifuu na makumbi, mimi nitapikia nini?"

Baraza lote likanyamaza.

Aliendelea polepole. Vifuu ndivyo vinavyochemsha chai yake asubuhi. Makumbi ndiyo yanayopika maharagwe, kwa sababu moto wake wakaa. Yakizidi, mwanawe huyazungushia miche ya minazi na migomba ili ardhi isikauke wakati wa kaskazi. Jivu lake huliweka shambani. "Hapa kwangu hakuna taka," alisema. "Taka iko mjini."

Nikaurudia mkataba, ukurasa wa tatu. Mjomba alikuwa ameambiwa kwa mdomo kwamba wanataka vifuu na makumbi. Kilichoandikwa kilikuwa mabaki yote ya mnazi. Yote maana yake ni pamoja na makuti aliyokuwa akiyasuka bibi yule, ambayo huyauza kwa wanaoezeka nyumba na mabanda ya hoteli. Na bei ya gunia zima la vifuu ilikuwa chini ya bei ya kopo moja la makaa dukani. Yaani angeuza gunia, akaongeza pesa zake, akanunua kopo la makaa yaliyokatwa msituni. Je, hapo tumeokoa msitu au tumeumaliza?

Hili ndilo nililolipata siku ile, nami naliandika kwa sababu naamini watu wenye mikataba kama hii watapita vijiji vingi, kutoka Vanga hadi Lamu. Elimu ya bayorifaineri ni ya kweli. Mali imo ndani ya kumbi na ndani ya kifuu. Lakini neno taka si la kemia. Ni neno la mtu anayetazama kutoka nje. Mara nyingi kile anachokiita taka kina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke aliye jikoni, ambaye jina lake haliko kwenye mkataba.

Kwa hiyo kabla ya sahihi, nawaomba wenzangu muulize maswali matatu.

La kwanza, je, ni ziada kweli? Toeni kwanza cha jikoni, cha shambani na cha kuezekea. Kinachobaki ndicho cha kuuza. Huenda kikawa kingi, huenda kikawa kidogo, lakini hesabu hiyo haifanyiki bila wanawake kuwepo.

La pili, ni daraja gani la ngazi litabaki hapa? Pipa la kuchomea vifuu si mtambo wa ajabu. Fundi wa vyuma wa Ukunda au Likoni anaweza kulitengeneza. Mashine ya kutenga usumba na unga ni ghali zaidi, lakini kikundi chaweza kuimiliki. Kuuza makaa na usumba ni bora kuliko kuuza vifuu na makumbi.

La tatu, kiwanda kikifa, nani atabaki na hasara? Tumeshaona vilivyokufa, hapa na Marekani. Mkataba wa mwaka mmoja unaoweza kufanywa upya ni salama kuliko wa miaka kumi unaokufunga usimuuzie mwengine.

Na kwa wenye viwanda nina neno moja, ambalo si langu bali ni la yule bibi: taka iko mjini. Nendeni Kongowea jioni mkaone matunda na mboga zinazooza kwa malori. Hizo ni laini, vijidudu vinazipenda, ndizo za bayogesi. Tembeeni Mombasa mahali panapouzwa madafu mkaone makumbi mabichi yaliyorundikana yakingoja kuchomwa kando ya barabara, moshi ukiingia majumbani mwa watu. Hayo hayapikii mtu chai. Kaunti inalipa pesa kuyazoa. Anayeyataka ayachukue, na watu watamshukuru.

Wazee wa Matuga hawakutia sahihi siku ile. Waliniambia niandike jibu kwa Kiingereza: vifuu tu, tena vya ziada, makuti hayamo, mkataba uwe wa mwaka mmoja, na vifuu vichomwe pale kijijini na vijana wa pale, kampuni inunue makaa. Bibi alitaka isomwe mara mbili kwa Kiswahili kabla haijatumwa, nikaisoma. Kisha akaniuliza kama kwenye Kiingereza nimeandika hivyo hivyo. Nikamwambia ndiyo. Akaendelea na makuti yake.

Kampuni haijajibu. Mjomba alinipigia juzi, sauti yake haina raha, akaniambia kijiji cha jirani kimeshatia sahihi. Nilimuuliza kama wao waliusoma ukurasa wa tatu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo Jumapili tena. Safari hii tutawaita nao."

Inshallah nitakwenda.